Katani, pamba au usumba? Na rangi gani?

Shangazi yangu alikwenda harusini Pangani na mkoba mwekundu wa katani niliomsukia mwenyewe. Mvua za vuli zikamkuta njiani. Alipofika shughulini, dera lake jeupe lilikuwa na mchirizi mwekundu kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo, na wanawake wawili wakamvuta chemba wakidhani ameumia. Usiku akanipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mkoba wako umenifedhehesha," akauliza hali ya watoto, akakata.

Nasuka mikoba na mazulia ya mlangoni hapa Tanga mjini, na kila juma hakosekani mtu wa kuniuliza rangi nzuri inauzwa wapi. Huulizi vibaya, ila umeanzia mwisho. Rangi ile iliyolitia doa dera la shangazi ingeweza kukaa vizuri tu kwenye uzi mwingine, au hata kwenye katani ileile kama ningeiosha sawasawa. Kwanza ujue uzi wako una nini ndani, ndipo uende dukani.

Hapa nazilinganisha tatu ambazo mtu wa Tanga anazipata bila kusafiri mbali: katani ya mkonge, pamba na usumba wa makumbi ya nazi. Kamba za nailoni na polyesta naziweka kando mapema. Hazinywi maji sana, ukizisogeza kwenye moto zinayeyuka na kuganda kama shanga ngumu, na polyesta inataka rangi yake maalumu na joto la kama nyuzi 130, ambalo sufuria ya jikoni haifiki. Ukiitaka kamba ya polyesta, inunue tayari ina rangi.

Kilichomo ndani ya uzi

Chukua mbegu moja ya pamba ambayo haijachambuliwa, vuta unywele mmoja. Huo unywele wote, milimita 25 hadi 30 hivi, ni seli moja iliyoota kwenye ganda la mbegu. Hauna kiungo katikati. Pamba ikishachambuliwa na kuchemshwa kuondoa nta yake, karibu yote iliyobaki ni selulosi, yaani mwili wenyewe wa nyuzi za mimea.

Singa ya katani hufika urefu wa mita moja na zaidi, lakini usidanganyike na urefu. Ni maelfu ya seli fupi, kila moja kama milimita 3, zimelazwa ubavu kwa ubavu na kugandishwa kwa gundi ya mmea: lignini, hemiselulosi na pektini. Selulosi ni kama theluthi mbili, lignini ni kama asilimia 10. Usumba umekwenda mbali zaidi. Seli zake hazifiki hata milimita moja, na lignini ni asilimia 40 au zaidi, ndiyo maana usumba ni wa kahawia na mgumu kama brashi.

Jambo hili niliwahi kulipuuza. Nilisikia wenye batiki wanachemsha pamba kwenye kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ili iwe laini, nami nikatia fungu la katani kwenye maji yale yale, nikaliacha lichemke saa nzima. Kipande cha pamba kilitoka kimelainika kama pamba ya hospitali. Katani nayo ilitoka nyeupe, inapendeza, nikafurahi. Nilipoanza kuisokota pajani ikawa inakatika vipande vya urefu wa kucha. Nilikuwa nimeiyeyusha ile gundi, na bila gundi hakuna singa. Katani ichemshe kwa sabuni na magadi kidogo, dakika 20 hadi 30, inatosha. Kostiki iachie pamba.

Katani

Huku kwetu katani ni kama mtoto wa nyumbani, ingawa alikuja kwa meli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika pwani hii imebaki hai 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inatoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, na mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani ndiyo yaliyoujenga mji huu.

Wauzaji watakuambia hii ni ya mkonge wa zamani, hii ya haibridi 11648, ile ya kituo cha utafiti cha Mlingano pale Ngomeni. Kwa mkulima tofauti ni kubwa, maana haibridi hutoa majani zaidi ya mara mbili katika maisha yake. Kwa msusi tofauti ni ndogo. Mimi naangalia vitu viwili: imeoshwaje na imekaushwaje. Jani la mkonge ni maji na nyama. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Korona kubwa, yaani mashine ya kusindika mkonge, hulisaga jani na kuliosha kwa maji mengi mno, singa zikatoka safi. Mashine ndogo za shambani huacha ule utomvu wa kijani, na jani likicheleweshwa siku mbili tatu kabla ya kusindikwa, singa hutoka na mabaka.

Ukienda kununua utasikia madaraja, kama 3L na UG. Ile 3L ni ndefu, kuanzia sentimita 90, na ina rangi ya maziwa. UG inaanzia sentimita 60 na huvumiliwa mabaka. Kwa mkoba utakaotiwa rangi nzito, UG inafaa kabisa na ni rahisi zaidi. Kwa mkoba mweupe, au rangi nyepesi kama ya ndizi, lipa ile 3L, kwa sababu baka haliondoki. Rangi nyepesi italionyesha zaidi.

Usiondoe mabaka kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Klorini inashambulia lignini, katani inageuka njano na kulegea. Peroksaidi ni salama zaidi, ila bei yake kwa kazi ndogo haina maana.

Nguvu ya katani haina mjadala. Inavutika kidogo sana kabla ya kukatika, asilimia chache tu, kwa hiyo mkoba haulegei ukijazwa ndizi. Ubaya wake: inachoma. Mpini wa katani tupu utakukwaruza bega mpaka uuchukie.

Pamba

Pamba yetu inatoka Kanda ya Ziwa, kwa hiyo hapa tunanunua uzi uliokwisha sokotwa. Ni laini, inakunjika, ikilowa inapata nguvu zaidi badala ya kupungua, na inakubali karibu kila rangi isipokuwa moja ambayo naifikia. Lakini hewa ya Tanga ni ya unyevu, na pamba hula koga upesi. Mkoba wa pamba ukiusahau kabatini masika nzima, utauona madoadoa meusi. Kwa sakafuni sipendekezi kabisa. Inakanyagwa, inashika tope, inachakaa.

Usumba

Kuna bibi mmoja Mwambani anayesokota kamba za usumba. Makumbi anayafukia kwenye tope la pwani, maji yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi, kisha anayafukua na kuyapiga kwa rungu mpaka nyama itoke. Nilikwenda kwake na pakiti zangu za rangi mfukoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kununua au umekuja kuniangalia?"

Nikamwambia nataka kujaribu usumba wa bluu. Akacheka, akaninyooshea shungi la usumba lililokuwa bado na harufu ya tope. "Huu hautaki rangi. Unataka bahari."

Kwa sayansi alikuwa sahihi. Usumba una lignini nyingi, kwa hiyo vijidudu vya kuozesha vinapata shida kuula, na maji ya chumvi hauyajali. Unavutika asilimia 15 na kuendelea kabla ya kukatika, ndiyo maana chombo kikisukwasukwa na mawimbi kamba haikatiki ghafla. Nguvu yake ya kuvuta ni ndogo kuliko ya katani, lakini kwa zulia la mlangoni nguvu hiyo huihitaji. Bluu niliijaribu hata hivyo. Ilitoka rangi ya mwani uliokauka. Juu ya kahawia unapata nyeusi, kijani cha giza, nyekundu ya damu ya mzee, basi.

Rangi nne za madukani

Madukani rangi huitwa kwa kazi zake, na nyingi huja kwenye vipakiti visivyo na maandishi. Nazigawa hivi.

*Rangi ya miyaa.* Ile poda inayong'aa, chembe ndogo tu unatia sufuria nzima waridi kali. Nyingi za namna hii ni rangi za besi. Molekuli zake zina chaji chanya na zinapenda lignini na tanini, ile dawa kali iliyomo kwenye magome ya miti. Kwa hiyo ukili, katani na usumba huzinywa kwa pupa, mpaka unatia limau au siki ili zisiingie haraka na kufanya mabaka. Pamba haina lignini: itajipaka juu na kutoka kwenye maji ya kwanza. Hii ndiyo ile moja niliyoitaja. Ubaya wake mkubwa ni jua. Uzuri wake wa dukani ni wa siku chache. Baadhi yake pia ni sumu, hivyo sufuria yake isirudi jikoni, na poda isipeperuke mbele ya pua yako.

*Rangi ya kuchemsha,* yaani ya dairekti. Inaingia kwenye selulosi yenyewe, kwa maji yanayokaribia kuchemka na chumvi ya kawaida, kama saa moja. Ya kwanza ya kundi hili ilivumbuliwa na Mjerumani Paul Böttiger miaka ya 1880, ikauzwa kwa jina la Congo Red wakati wakubwa wa Ulaya walikuwa Berlin wanagawana Afrika. Ndani yake hamna cha Kongo, ni jina la kuuzia. Kundi hili ni rahisi kulitumia na linakubali pamba na katani, ila halijafungwa imara. Linakaa ndani ya uzi kama mgeni, maji yakija linaaga. Naamini ndiyo iliyokuwa kwenye pakiti ya mkoba wa shangazi. Chumvi nilitia kidogo, katani ilikuwa bado na utomvu, na kwa haraka ya harusi sikusuuza mpaka maji yawe meupe.

*Rangi ya riaktivu.* Hii ndiyo ninayoitumia sasa. Iligunduliwa mwaka 1954 na Rattee na Stephen, wakemia wa kampuni ya ICI Uingereza, ikaingia sokoni 1956 kwa jina la Procion, miaka 100 kamili baada ya William Perkin kupata rangi ya kwanza ya kutengenezwa maabara. Tofauti yake na zote ni kwamba haikai ndani ya uzi tu, inaungana nao. Ukishatia magadi, molekuli ya rangi inafunga kifungo cha kemikali na selulosi, vikawa kitu kimoja.

Na haitaki moto. Aina ya baridi inafanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi 40, na maji yaliyoachwa juani hapa Tanga yanafika huko bila kuni. Kwa gramu 100 za katani natumia lita 2 za maji, gramu 3 za rangi, gramu 100 za chumvi. Nusu saa ya kwanza ni chumvi na rangi peke yake, nageuza kila baada ya dakika chache. Kisha gramu 30 za magadi soda (soda ash) yaliyoyeyushwa pembeni, natia kidogo kidogo, naacha saa nzima. Magadi ya mawe ya sokoni yanakubali pia ila ni dhaifu kuliko yale meupe ya unga, basi ongeza na uvumilie.

Kasoro yake ni kwamba rangi hii inaungana na maji pia. Ukishatia magadi huwezi kuihifadhi mpaka kesho, imekufa. Na ile iliyoungana na maji inabaki imejipaka juu ya uzi, lazima uitoe: suuza baridi, kisha chemsha kidogo kwa sabuni, suuza tena. Anayeruka hatua hii atarudi kulaumu duka.

*Rangi ya batiki,* ya vati, pamoja na kostiki na haidrosi, unga wa kuiyeyusha rangi. Kitambaa kinatoka kwenye ndoo kikiwa na rangi ya majani makavu, unakiinua hewani, na mbele ya macho yako kinageuka bluu, kama mtu anayekasirika polepole. Oksijeni ndiyo inayoirudisha rangi. Nili ya kaniki za zamani ni ya ukoo huu. Kwa pamba hakuna inayoishinda kwa kufuliwa na jua. Kwa katani kostiki inanitia hofu, nimeshasimulia kwa nini.

Majaribio ya juu ya bati

Maabara hupima rangi dhidi ya mwanga kwa vipande vinane vya sufi ya bluu, 1 ikiwa dhaifu na 8 imara, na kufuliwa hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5. Mimi nina bati la nyumba. Nilikata vipande vya kila uzi na kila rangi, nikafunika nusu yake kwa boksi, nikavigongomea kwenye ubao, nikaviacha juani Januari nzima.

Waridi ya miyaa kwenye katani ilikuwa imepauka kiasi kwamba upande wa jua ulifanana na karatasi ya zamani. Ya kuchemsha ilishuka, lakini jina lake bado ungelitaja. Riaktivu ilibidi niinue boksi mara mbili kuona mpaka. Bluu ya vati kwenye pamba, mpaka sikuuona kabisa. Katani isiyo na rangi ilikuwa njano kidogo, kwa sababu lignini yenyewe hubadilika kwenye mwanga, na hili mteja wa mkoba mweupe aambiwe mapema.

Kipande kilichonishangaza kilikuwa cha magome ya mkandaa. Kilianza kahawia nyekundu, kikamaliza mwezi kimekolea zaidi. Tanini hufanya hivyo. Ukiitia kwenye maji yenye misumari yenye kutu inakwenda kijivu mpaka karibu nyeusi, kwani tanini na chuma vinakamatana. Tena tanini hiyo ikitangulizwa kwenye pamba, rangi ya miyaa iliyokuwa inaikataa pamba inapata pa kushika. Ila mikoko ni hifadhi. Nanunua magome yaliyotoka kwenye miti iliyokatwa kwa kibali, la sivyo siyatumii.

Jaribio la haraka kabla ya kuuza: kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua mara kumi juu ya mkoba. Kikitoka na rangi, rudi kwenye ndoo.

Maji

Visima vingi vya mjini vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa na matumbawe, na maji yake hayatoi povu. Chokaa hiyo inashikana na rangi na sabuni, inaacha vumbi juu ya uzi. Ya bomba, yanayotoka Mabayani kwenye mto Zigi, ni afadhali. Ya mvua ndiyo bora, na mapipa yangu yote ni kwa ajili ya sufuria ya rangi, nguo zifuliwe kwa kisima.

Nani achukue nini

Zulia la mlangoni: usumba usio na rangi, na ukitaka urembo weka mstari mmoja mweusi. Usihangaike zaidi ya hapo. Vitambaa vya meza na nguo: pamba, kwa vati kama una glavu na uzoefu, kwa riaktivu kama huna. Mkoba: mwili wa katani kwa riaktivu, mpini wa pamba. Ukili wa mkeka wa ndani, usioona jua, rangi ya miyaa bado ina haki yake. Hakuna inayong'aa namna ile.

Anayetaka kuuza Ulaya ajue kwamba tangu sheria ya mwaka 2002 Umoja wa Ulaya haukubali rangi za azo, kundi kubwa la rangi za kemikali, zinazoachia baadhi ya kemikali (amini) zenye kusababisha saratani, kikomo miligramu 30 kwa kilo, na mikoba ya mkononi imetajwa humo waziwazi. Pakiti isiyo na maandishi haiwezi kukupa cheti.

Na usizitie nyuzi tofauti kwenye sufuria moja ukitegemea zifanane. Nilitia pamba, katani na usumba pamoja kwenye nyekundu moja ya riaktivu, kwa mteja aliyetaka mwili, mpini na kitako vilingane. Pamba ilitoka nyekundu ya pilipili, katani nyekundu ya tofali, usumba ukatoka rangi ya kahawa yenye aibu. Sasa natia kila uzi peke yake na kuiongezea pamba kidogo cha kahawia ili ishuke iifuate katani. Usumba siushughulikii.

Mwezi uliopita shangazi aliagiza mkoba mwingine, kuna harusi nyingine, Muheza safari hii. Nikamweleza habari za riaktivu, vifungo, magadi, nikamsugulia kitambaa cheupe mbele yake mara kumi. Akanitazama mpaka nikamaliza.

"Nimekuelewa, mwanangu. Nisukie ule mweupe. Usiupake kitu."